Mwamba wa Miaka Sita

Mimi si mtu wa mandhari. Nalisema hili mapema ili usije ukanilaumu mbele ya safari. Wapo watu wakiona bonde hushika kifua na kusema Mungu fundi. Mimi ni fundi pia, fundi cherehani, na nikiona bonde naona kitambaa kilichochanika na mwenyewe hakujali kukishona. Kama ungeniuliza mwezi uliopita, ningekuambia kwamba mtu anayefunga safari kwenda kuangalia shimo ana nafasi nyingi kuliko akili. Hata hivyo nilikwenda kwenye hifadhi ya korongo, kwa sababu mke wangu alikuwa humo ndani siku ya tatu, na kibali chake kilikuwa kinaisha saa kumi na mbili jioni.

Usiniulize nilifikaje. Nilikuwa nimeketi dukani nikipinda suruali ya mtu, nikainua macho kutoka kwenye sindano, na lango lilikuwa mbele yangu. Tepu ya kupimia bado ilikuwa inaning'inia shingoni. Jua lilikuwa la asubuhi, ingawa dukani niliacha mchana, na sikushangaa. Kuna siku mtu anachoka hata kushangaa.

Langoni alikaa askari wa hifadhi, mama wa makamo mwenye sare ya kijani na ndala miguuni, anamenya karanga za kuchemsha. Alinitazama kuanzia tepu mpaka viatu.

"Karibu, baba. Umekuja kutembea au umekuja kuchukua mtu?"

"Nimekuja kuchukua mtu. Namtafuta Mama Tumsifu."

Alifungua daftari la wageni, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, bila haraka. "Hayumo."

"Yumo. Amevaa kitenge cha bluu, nimekishona mimi mwenyewe. Ameniachia chakula kimefunikwa mezani na kikaratasi kinasema nimekwenda korongoni."

"Mwenye kitenge cha bluu yumo," alisema. "Mama Tumsifu hayumo. Baba, hujasoma kibao?"

Nikasoma kibao. Kiliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya ubao wa kahawia, kama vibao vyote vya hifadhi. Usiokote mawe. Usilishe nyani. Usimwite mtu kwa jina la mwingine.

"Humu kila unaposhuka unarudi miaka," askari alinieleza, kwa sauti ya mtu aliyeshasema hivyo mara nyingi. "Mwamba wa juu ni jana. Chini yake juzi. Mtu akisimama penye mwamba anakuwa vile alivyokuwa wakati mwamba ule unajijenga. Mkeo ameshuka mpaka mtoni. Huko mtoni, huyo mtoto wenu hajazaliwa. Sasa ukimwita kwa mtoto ambaye hajazaliwa, ataitikaje?"

"Na asipotoka leo?"

"Asiyetoka siku ya tatu hatumuulizii. Anakuwa wa huko. Na wewe kesho utaamka nyumbani kwako ukijiuliza hili sufuria la pili ni la nani." Akanisogezea karanga. "Chukua. Njia ni ndefu."

Sikuchukua. Nilikuwa na hasira naye, na zaidi nilikuwa na hasira na kibao.

Sasa ngoja nikuambie jambo, kwa sababu bila hilo utaniona mjinga tu, na mimi nataka unione mjinga kwa sababu zake. Kwetu mwanamke akishajifungua, jina lake linakunjwa na kuwekwa. Haliibiwi, wala hakuna anayelipigia kelele. Linawekwa tu, na yeye anaitwa mama wa mtoto wake, na mumewe baba wa mtoto wake, na hata waliowazaa hao wawili hufuata mkondo huohuo. Ni heshima. Tulimpata Tumsifu, binti mmoja tu, na mke wangu Aikande akawa Mama Tumsifu tangu siku ile. Tumsifu alikaa nasi miaka sita. Homa ilimchukua kati ya Jumanne na Alhamisi, miaka ishirini na miwili iliyopita. Siku ya tatu ya matanga shangazi yangu aliniita pembeni akasema kwa upole, mwanangu, tumwite tena Aikande, tumpunguzie mzigo. Nilipiga meza. Nikasema mwanangu hatafutwa midomoni mwa watu, na huyu ni Mama Tumsifu mpaka nife mimi. Nilionekana mwanaume siku ile, na mimi mwenyewe nilijiona hivyo. Hakuna aliyemuuliza mke wangu anataka kuitwa nani.

Jina ni la nani? Nimekaa na swali hili miaka mingi bila kujua kwamba nimekaa nalo. Ukisema ni la mwenye kuitwa, mbona yeye halitumii? Mtu hajiiti. Mtu anaweza kuishi wiki nzima bila kutamka jina lake mwenyewe hata mara moja, lakini jirani zake watalitamka mara mia, kwa namna wanavyotaka, kwa sauti wanayotaka, na yeye kazi yake ni kugeuka. Basi anayeita ndiye anayeshika kamba. Wenye nguvu wa dunia hii wanalijua hilo. Ndiyo maana wa kwanza kufika mahali huipa milima majina. Mimi sikuwahi kutawala hata kata. Nilitawala nyumba ya vyumba viwili na mdomo wangu, na humo nilikuwa mkoloni kamili.

Nikashuka.

Pale ukingoni palikuwa na watalii wanaopiga picha, na nakiri kwamba hata mimi nilisimama kidogo. Korongo lilikuwa limefunguka mpaka macho yanachoka, na kuta zake zilipangwa tabaka juu ya tabaka, jekundu, jeupe, la kijivu, la manjano, kama majora ya vitambaa kwenye rafu za duka la jumla. Mto ulikuwa chini kabisa, mwembamba, hausikiki. Kivuli cha ukuta wa magharibi kilikuwa bado hakijaanza. Nilijua kwamba kikigusa ukingo wa mashariki, mke wangu amekwisha kwangu na mimi sitajua hata kulia.

Tabaka la kwanza halikunifanya kitu, nilikohoa tu kikohozi cha mwaka jana. La tatu lilinirudishia jino. Penye mwamba mmoja wa manjano nilimsikia mama yangu marehemu akimgombeza kuku ndani ya jiwe, nikasimama, nikasema shikamoo mama, naye akajibu marahaba bila kuacha kugombeza. Penye mwamba mwingine magoti yaliacha kuuma. Chini zaidi nilikutana na nywele zangu. Nilizipapasa kwa mikono miwili nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nimesahau kwamba zilikuwa nyingi kiasi kile. Ni jambo la ajabu kuwa kijana kwa kushuka. Juu walituambia ujana uko nyuma. Kumbe uko chini, na sisi wote tumesimama juu ya vichwa vyetu wenyewe, tukijikanyaga.

Halafu nikafika penye ukanda mweusi. Nilijua kabla sijaugusa. Ulinuka spiriti ya hospitali na kitambaa kipya. Nilisikia cherehani inazunguka humo ndani, taratibu, cherehani yangu, naijua kwa mlio wake wa kukwama kila baada ya mishono kumi. Nikafumba macho. Nikaruka. Nilihisi mguu ukipita juu ya kitu chembamba, chenye joto, kisha nikatua pa baridi, na nilipofumbua macho nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne asiye na mtoto.

Na wewe ungefumba.

Nilimkuta mtoni. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu majini, msichana wa umri ule ule aliokuwa nao nilipomwona mara ya kwanza akitoka kanisani, na kile kitenge changu cha bluu kilikuwa kimemzidi mwili, kwa sababu nilikishona kwa vipimo vya mama wa makamo. Nikafurahi mpaka nikaona aibu. Nikaita.

"Mama Tumsifu!"

Korongo lililibeba jina likalipigiza ukuta huu na ukuta ule. Yeye hakugeuza hata shingo. Niliita mara ya pili. Mara ya tatu nilifoka, kwa sauti ile ninayoitumia nyumbani nikikosa kandambili zangu, na ndege wakaruka kutoka mapangoni, na yeye akaendelea kuchezesha vidole vya miguu majini. Kivuli kilikuwa kimeshameza nusu ya mto.

Liseme, nilijiambia. Liseme lile jingine, si unalijua.

Siwezi.

Ni neno tu.

Nikilisema, basi. Nitakuwa nimemzika kwa mdomo. Mara ya kwanza tulitumia majembe, na waliochimba walikuwa vijana wa mtaa. Safari hii ni mimi, peke yangu, kwa ulimi wangu.

Kivuli, bwana mkubwa. Angalia kivuli.

Nani atabaki anamtaja?

Nilisogea mpaka kando ya jiwe lake. Nikasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba maji katika nyumba asiyoijua, "Aikande."

"Abee," akasema, akageuka.

Nilikaa chini. Miaka ishirini na minane sikuwa nimeisikia hiyo abee. Huko juu alikuwa haitiki. Alikuwa anakuja tu, kimya, na mimi nilidhani ndiyo utu uzima.

"Umekuja, Elisaria," alisema. Na mimi pia nilikuwa nimelisahau langu.

"Unanikumbuka?"

"Huku chini nayajua yote. Ila bado hayajauma. Ni kama kujua kesho mvua itanyesha, na nguo zako zingali kavu."

"Basi twende nyumbani. Muda unakwisha."

"Nyumbani kuna nani?"

"Kuna mimi."

Alinitazama, si kwa ubaya. "Wewe hujaniita mimi tangu lini? Ukitaka chai unamwita yeye. Ukitafuta miwani unamwita yeye. Nikienda sokoni wananiuzia nyanya kwa jina lake. Mchungaji akinipa mkono mlangoni mwa kanisa anamsalimu yeye. Mmenifanya kaburi, Elisaria. Kila anayepita anasoma jina, kisha anaendelea na safari zake."

Mimi ni mtu wa majibu. Waulize wateja wangu, hata nguo ikiwabana nina jibu. Pale jibu lilikuwa moja tu, nalo dogo.

"Niliogopa atasahauliwa," nikasema.

"Amesahauliwa. Lini tumemzungumzia? Sisemi kumwita. Kumzungumzia. Kukaa wawili na kusema, unakumbuka siku ile."

Nilifikiri. Nilirudi mwaka kwa mwaka, na kwa kuwa tulikuwa mahali ambapo miaka inaonekana, niliinua macho nikaitazama yote ukutani, ishirini na miwili, na hakukuwa na siku hata moja. Jina nililolilinda kwa kupiga meza lilikuwa kifuniko, na chini ya kifuniko hatukuwahi kuchungulia. Machozi yakanitoka, machozi mepesi ya kijana.

"Nitapanda na wewe," alisema Aikande, akitoa miguu majini. "Lakini pale juu ulipita umefumba macho. Nilikuona kutoka hapa. Mimi sipandi na mtu aliyefumba macho."

"Nitafumbua."

"Hata kama itakuwaje?"

"Hata iweje."

Tukapanda. Tulipita mwamba wa harusi, mweupe, unaonukia pilau na vumbi la viatu, na tukacheka pamoja kwa sababu suti yangu ya siku ile niliishona mwenyewe na mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Tulipita miaka miwili ya kungoja. Kisha Aikande akashika tumbo, akavuta pumzi, na tukawa tumesimama mbele ya ukanda mwekundu, ule wenye joto, nilioupita kwa kuruka.

Nilivua tepu shingoni nikaupima. Sijui kwa nini. Mikono ya fundi haina adabu. Ulikuwa shubiri moja.

"Hii yote?" Aikande aliuliza. Alibandika kiganja chake juu yake, na kiganja kikaufunika wote, kutoka chini mpaka juu.

Hatukumwona, nisikudanganye. Lakini tulisikia ndala ndogo zikipita kwenye sakafu ya saruji ndani ya jiwe, zikienda na kurudi, zikienda na kurudi. Tulikaa tukaegemea mwamba. Aikande alisema unakumbuka alivyokuwa anaokota vifungo chini ya cherehani yako, anavipanga mstari, kile kikubwa cha koti ndiye mwalimu. Nikasema nakumbuka, na mwalimu alikuwa anachapa sana. Nikamwambia jambo ambalo yeye hakulijua, kwamba siku moja Tumsifu alikata pindo la gauni la harusi la mteja akamshonea mdoli wake, nami nikamdanganya mteja kwamba hiyo ndiyo mitindo ya sasa. Aikande alicheka mpaka akajishika mbavu. Naye akaniambia jambo ambalo mimi sikulijua, kwamba mtoto alikuwa hali uji mpaka aulize baba amekula, na akiambiwa bado, anauacha nusu na kusukuma kikombe upande wa kiti changu. Nilikuwa nakuta uji uliopoa kila jioni nikadhani ni ubadhirifu. Nikiukuta nilikuwa nafoka.

Nililia tena, na safari hii hayakuwa machozi ya kijana.

"Tukae hapa," nikasema. "Aikande, tusiende popote. Hapa pana joto." Na nilimaanisha. Kama ni kugeuka jiwe, nigeuke lile, nisikie ndala zikipita.

"Hapa hapakaliki," alisema. "Ana miaka sita tu. Hawezi kutubeba wawili."

Kivuli kilikuwa kimefika magotini mwetu. Alisimama yeye kwanza, akanivuta mkono.

Ukanda mweusi ulikuwa unatungoja. Sikufumba. Nilimwona Elisaria wa siku ile ameinama kwenye cherehani, mlango wa duka umefungwa kwa ndani, anashona gauni jeupe dogo lenye mikono mifupi. Alikuwa anashona vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba mishono ilinyooka. Aikande alilitazama gauni muda mrefu.

"Uliniambia umelinunua mjini."

"Nilikudanganya. Niliogopa utauliza vipimo nilivipata wapi."

"Vipimo ulivipata wapi?"

"Nilimpima," nikasema. "Alfajiri ile, kabla hujaamka. Nilimpima mabega na urefu. Mikono sikuweza."

Ndiyo maana ilikuwa mifupi. Aikande aliishika tepu iliyokuwa mkononi mwangu, akaishika ncha moja na mimi ncha nyingine, na tukapita ukanda ule hivyo, macho wazi, wote wawili, na uliuma kama nilivyojua siku zote kwamba ungeuma. Haukuwa mnene kuliko wembe. Sijui kwa nini nilifikiri ungekuwa mlima.

Baada ya hapo ilikuwa miaka tu. Nywele zangu ziliniaga penye ule mwamba wao. Magoti yakarudi na malalamiko yao. Kitenge cha bluu kilianza kumkaa Aikande mwilini, mwamba kwa mwamba, mpaka kikamtosha sawasawa, na nikaona kwamba nilikishona vema. Tulipotoka langoni kivuli kilikuwa kimebakiza ukingo wa mashariki kiasi cha upana wa mlango. Askari alifunga daftari bila kutuangalia.

Nje, penye kile kibao, kulikuwa na wachumba wawili vijana wanajaribu kujipiga picha, korongo linakataa kuingia lote kwenye simu. Yule binti alitukimbilia.

"Shikamooni. Samahani, mnaweza kutupiga moja?"

"Marahaba," tukasema. Nilishika simu ile kama mtu anayeshika yai. Nilipiga, nadhani vichwa nilivikata. Binti alishukuru kwa heshima zote, kisha akamgeukia mke wangu na kuuliza kile ambacho kila mtoto aliyelelewa vizuri huuliza.

"Asante sana, mama. Na nikuite mama nani?"

Mdomo wangu ulikwishafunguka. Ulikuwa umezoea. Nikaufunga.

"Naitwa Aikande," alisema mke wangu. Akavuta pembe ya kitenge. "Nilikuwa na binti. Anaitwa Tumsifu."

"Jina zuri. Yuko wapi sasa?"

"Amefariki," alisema Aikande. "Lakini subiri, mwanangu, nikuambie kwanza alivyokuwa."